Ngeli, Vitu na Fankisheni: Programu za Kiswahili Zijengwe kwa Mkabala Upi?

Utangulizi

Programu ya tarakilishi haichakai kama kiatu wala haiozi kama embe. Hata hivyo, programu huzeeka. Huzeeka kwa sababu ulimwengu unaoizunguka hausimami: watumiaji hudai mambo mapya, sheria hurekebishwa, mitambo hubadilishwa, na lugha nayo hupokea maneno ambayo mwandishi wa programu hakuyawazia. Meir Lehman, mtaalamu aliyechunguza ukuaji wa programu kubwa, aliliweka jambo hili katika umbo la kanuni mnamo mwaka 1974: programu inayotumiwa katika maisha halisi sharti iendelee kurekebishwa, la sivyo manufaa yake yatapungua siku baada ya siku. Kwa hivyo, mjenzi wa programu hana haja ya kujiuliza iwapo kazi yake itabadilishwa. Anachopaswa kujiuliza ni iwapo itabadilishwa bila kuvunjika. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

Huenda msomaji akashangaa ni vipi suala hili limeingia katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Jibu ni kwamba Kiswahili tayari kimo ndani ya tarakilishi na simu zetu, na kimo humo kwa masharti yaliyowekwa na watu ambao aghalabu hawakuwa na ngeli akilini walipokuwa wakiandika. Katika makala haya ninanuia kulinganisha mikabala minne ya kuandika programu, yaani mkabala wa amri, wa vitu, wa fankisheni na wa mantiki. Kipimo changu ni kimoja: mkabala gani unaweza kuubeba mfumo wa ngeli na upatanisho wake, na bado ukakubali mabadiliko? Msimamo wangu ni kwamba hakuna mkabala unaonyumbuka pande zote. Kila mmoja hunyumbuka upande fulani na kukakamaa upande mwingine. Anayeweza kubashiri upande ambao programu ya Kiswahili itavutwa ni yule anayeijua lugha. Aidha, sitakwepa kutoa hukumu: kwa sarufi ya Kiswahili, mkabala wa fankisheni ulioshikamana na majedwali unafaa zaidi kuliko ule wa vitu, ijapokuwa huo wa vitu umeenea mno katika ufundishaji wa taaluma ya tarakilishi.

Somo la faharasa

Mojawapo ya makala mashuhuri kuhusu suala hili iliandikwa na David Parnas mwaka 1972. Jambo la kufurahisha kwetu sisi wanafasihi ni kwamba mfano alioutumia si wa benki wala wa kiwanda. Ni wa faharasa ya maneno katika muktadha, chombo ambacho wahakiki wamekitumia kwa muda mrefu kufuatilia msamiati wa kitabu au wa mshairi. Katika faharasa ya aina hiyo, kila neno la mstari hupewa zamu ya kutangulia, kisha mistari yote hupangwa kialfabeti.

Parnas alilinganisha njia mbili za kuigawa programu ya kutengeneza faharasa hiyo. Njia ya kwanza ilifuata hatua za kazi: soma mistari, izungushe, ipange, ichapishe. Njia hii inaonekana kuwa ya kawaida kabisa, lakini ina kasoro. Kila hatua inalazimika kujua jinsi mistari ilivyohifadhiwa. Uhifadhi ukibadilishwa, karibu hatua zote hufumuliwa. Njia ya pili iliigawa programu kwa kuuliza: ni uamuzi gani unaoelekea kubadilishwa baadaye? Kila uamuzi wa namna hiyo ulifichwa katika sehemu yake, nazo sehemu nyingine hazikuruhusiwa kuchungulia ndani. Uamuzi ukibadilika, sehemu moja pekee ndiyo hufunguliwa.

Hebu sasa tuilete faharasa hiyo kwenye utenzi wa Kiswahili. Mtafiti anayechunguza dhana ya mapenzi angependa kuyaona pamoja maneno *anapenda*, *walipenda*, *tutapendana*, *upendo* na *mpenzi*. Mpangilio wa kialfabeti unayatawanya: moja liko A, jingine W, jingine T, jingine U, jingine M. Mpangilio unaofaa Kiswahili ni ule unaofuata mzizi, tena unaotambua kwamba *-pend-* na *-penz-* ni wa ukoo mmoja. Isitoshe, shairi likiwa la Kiamu, programu itakutana na *ndia* mahali ambapo Kiswahili sanifu kina *njia*. Iwapo uamuzi kuhusu maana ya "kupanga" umefichwa mahali pamoja, tutaubadilisha na kuendelea na kazi. Iwapo umetapakaa kote, itatubidi tuandike upya programu nzima.

Ni muhimu kuona kwamba Parnas hakuhitaji lugha mpya ya programu ili kuufikia uamuzi wake. Alihitaji kujua ni nini kitakachobadilika. Maarifa hayo hutoka katika uwanja wa kazi yenyewe. Kwa programu za Kiswahili, uwanja huo ni wetu.

Mikabala minne kwa ufupi

Mkabala wa amri ndio wa kale zaidi kati ya ile inayotuhusu. Programu ni mfululizo wa maagizo: chukua hiki, kiweke pale, ongeza moja, rudia. Fortran ya mwaka 1957 na C ya miaka ya 1970 ni za ukoo huu. Kwa lugha ya uhakiki, mwandishi wa programu hapa ni msimulizi maizi. Anajua kila kitu, na mkono wake unafika kila mahali. Nguvu yake ni uwazi. Udhaifu wake ni kwamba sehemu yoyote inaweza kubadilisha hali ya jambo lolote, hivyo kosa la ukurasa wa kwanza huweza kujitokeza ukurasa wa mia.

Mkabala wa vitu ulianzia Oslo, Norwe, ambako Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walibuni lugha ya Simula katika miaka ya 1960. Baadaye Alan Kay na wenzake katika kampuni ya Xerox waliuendeleza kupitia Smalltalk, na kuanzia mwaka 1995 Java ikausambaza kote. Huu ni mkabala wa tamthilia. Kila mhusika ana siri zake na matendo yake, na wenzake humwomba atende bila kujua yaliyomo moyoni mwake. Zaidi ya hayo, wahusika hupangwa kwa koo: aina ndogo hurithi sifa za aina kubwa, kama vile "mwalimu" anavyorithi sifa zote za "mtu".

Mkabala wa fankisheni una asili yake katika hisabati, na lugha yake ya kwanza mashuhuri ni Lisp, iliyobuniwa na John McCarthy mwaka 1958. Fankisheni ni kanuni inayopokea kitu na kutoa kitu kingine, bila kukiharibu kile cha kwanza. Mwanafunzi wa isimu hahitaji maelezo marefu hapa, kwa kuwa mnyambuliko wa vitenzi ndio mfano ulio wazi kabisa. Kanuni ya kutendana inapokea *piga* na kutoa *pigana*. Kanuni ya kutendesha inapokea *pigana* na kutoa *piganisha*. Kanuni ya kutendwa inapokea *piganisha* na kutoa *piganishwa*. Kila kanuni ni ndogo, nazo hufungamanishwa moja baada ya nyingine, ilhali *piga* lenyewe limebaki kama lilivyokuwa.

Mkabala wa mantiki unatufaa kutajwa kwa sababu ya chimbuko lake. Lugha ya Prolog ilizaliwa Marseille, Ufaransa, mwaka 1972, mikononi mwa Alain Colmerauer na Philippe Roussel, na mojawapo ya madhumuni yake lilikuwa kuchanganua sentensi za Kifaransa. Mwandishi huyataja mambo ya kweli na masharti yanayoyaunganisha, kisha mashine hutafuta jibu, kama mtu anayetegewa kitendawili. Uzuri wake ni kwamba sheria moja ya upatanisho huweza kutumika kuchanganua sentensi na pia kuiunda. Ugumu wake hujitokeza sheria zinapokuwa nyingi, kwani si rahisi kufuatilia njia ambayo mashine imepitia hadi kufikia jibu, wala kukadiria muda itakaochukua.

Mahali ambapo kamba hukatikia

Kabla ya kulinganisha vitu na fankisheni, tuone kwanza jinsi mkabala wa amri unavyoshindwa na sentensi fupi kabisa. Programu nyingi huunda ujumbe kwa kuunga vipande: tarakimu, nomino, kisha kitenzi kilichogandishwa. Kwa Kiingereza kitenzi hicho hakibadiliki, iwe kilichofutwa ni picha au kitabu. Kwa Kiswahili kila nomino huja na madai yake: *picha tatu zimefutwa*, *kitabu kimoja kimefutwa*, *ujumbe mmoja umefutwa*, *majina matano yamefutwa*. Mfasiri aliyepewa sentensi nzima ataokoka. Mfasiri aliyepewa vipande vya kuunganishwa na mashine hana la kufanya ila kuchagua *imefutwa* na kuomba radhi moyoni.

Ikumbukwe kwamba mifumo ya kimataifa ya kufasiri programu imeyatambua maumbo ya idadi. Katika orodha za Unicode, Kiswahili kimepewa maumbo mawili, la moja na la nyinginezo, sawa na Kiingereza. Umoja na wingi vimetunzwa, lakini kanuni hiyo ya idadi haina nafasi ya ngeli. Mfasiri hakukosea, wala mashine haikuharibika. Kilichokosekana ni mtu wa Kiswahili katika chumba ambamo umbo la ujumbe liliamuliwa.

Safu mlalo na safu wima

Sasa tuchore jedwali ambalo kila mwanafunzi wa Kiswahili amewahi kulichora. Katika safu mlalo tuandike ngeli: A-WA, U-I, KI-VI, LI-YA, I-ZI na nyinginezo. Katika safu wima tuandike matumizi: kiambishi cha kitenzi, kionyeshi, kimilikishi, kivumishi. Kila kisanduku kina jibu lake. Palipo na KI-VI na kionyeshi pana *hiki*. Palipo na LI-YA na kimilikishi pana *langu*.

Mjenzi anayefuata mkabala wa vitu hulikata jedwali hili kwa ulalo. Kila ngeli inakuwa kitu kinachojitegemea, kinachojua *hiki* chake, *changu* chake na *kikubwa* chake. Ngeli mpya ikitokea, anaandika kitu kipya bila kuvigusa vingine. Lakini akihitaji matumizi mapya, tuseme o-rejeshi ya *kilichoanguka* na *lililoanguka*, analazimika kukifungua kila kitu na kukiongezea tendo.

Mjenzi anayefuata mkabala wa fankisheni hulikata jedwali hilohilo kwa wima. Kila matumizi yanakuwa fankisheni moja inayopokea ngeli na kutoa kiambishi. O-rejeshi ikihitajika, anaandika fankisheni moja mpya, na zilizotangulia hazina habari. Lakini ngeli mpya ikizuka, anarudi kuifungua kila fankisheni. Philip Wadler ndiye aliyelipa tatizo hili jina ambalo limeendelea kutumika tangu mwaka 1998. Wataalamu wamebuni njia kadhaa za kulipunguza, lakini kila njia ina gharama yake.

Basi swali la uhandisi limegeuka kuwa swali la isimu: je, Kiswahili hukua kwa ulalo au kwa wima? Nadhani jibu liko wazi. Ngeli ni kundi lililofungwa. Wanasarufi wanazozana kuhusu idadi yake, lakini hakuna anayeamka asubuhi na kukuta ngeli mpya imezaliwa usiku. Maneno mageni kama *redio*, *simu*, *kompyuta* na *intaneti* hayakuja na ngeli zao. Yaliingia katika ngeli zilizokuwepo. Kwa upande mwingine, mambo tunayotaka tarakilishi ifanye na ngeli hizo hayaishi. Jana tulitaka ikague tahajia. Leo tunataka itafute mzizi, ifasiri, isome kwa sauti na kumweleza mwanafunzi kwa nini sentensi yake imekosa upatanisho. Safu mlalo zimetulia. Safu wima zinaongezeka. Kwa ushahidi huu, mkabala wa fankisheni ndio unaonyumbuka upande ambao Kiswahili kinavuta.

Kuna atakayeuliza: na maneno je? Si yanaongezeka kila siku? Naam, yanaongezeka, lakini hayo hayapaswi kuwa sehemu ya programu hata kidogo. Yanapaswa kukaa katika orodha inayojitegemea, kila neno na maelezo yake, ili asiyejua kuandika programu aweze kuongeza au kusahihisha. Tazama neno *faili*. Wako wanaosema *faili hii* na wako wanaosema *faili hili*. Wasemaji wakikubaliana kesho, badiliko linapaswa kugharimu herufi chache katika orodha, si wiki nzima ya mhandisi.

Ngeli zinavyoukataa urithi

Hoja yangu ya pili dhidi ya mkabala wa vitu inahusu urithi. Katika mkabala huo kuna kishawishi kikubwa cha kuifanya kila nomino izaliwe ndani ya ngeli moja na kurithi tabia zake zote. Kishawishi hicho hakimalizi hata siku moja mbele ya Kiswahili.

Chukua *kifaru*. Kwa umbo, ni ndugu wa *kitabu*: *kifaru, vifaru*. Kwa upatanisho, ni ndugu wa *mtu*: *kifaru mkubwa amelala, vifaru wakubwa wamelala*. Basi arithi kwa nani? Chukua tena *rafiki*. Kitenzi kinamweka katika A-WA, lakini kimilikishi kinamvuta kwingine: *rafiki yangu amefika, rafiki zangu wamefika*. Hapa hata upatanisho wenyewe umegawanyika ndani ya sentensi moja. Naye *nyumba* ana mkasa wake. Akipewa *-ni* anaiacha ngeli yake na kuingia katika ngeli ya mahali, tena kwa sura tatu: *nyumbani kwangu kunapendeza*, *nyumbani pangu panapendeza*, *nyumbani mwangu mnapendeza*. Kinachochagua kati ya sura hizo ni maana aliyokusudia msemaji. Neno lenyewe halichagui. Katika lugha kama Java, kitu kilichozaliwa katika aina fulani hakihami hadi kufa kwake. Mjenzi atalazimika kuunda kitu kingine kutokana na cha kwanza, na akifanya hivyo tayari amekwisha kuanza kufikiri kwa fankisheni: pokea *nyumba*, toa *nyumbani*. Vivyo hivyo kwa *mtoto* anapokuwa *kitoto* au *jitoto*.

Kwa kweli watetezi werevu wa mkabala wa vitu wameliona tatizo hili. Kitabu mashuhuri cha ruwaza za usanifu wa programu kilichoandikwa na Erich Gamma na wenzake watatu mwaka 1994 kiliwashauri wajenzi wapendelee kuunga vitu pamoja kuliko kutegemea urithi. Kwa maneno mengine, *kifaru* asiwe mtoto wa ngeli yoyote. Awe na lebo mbili: moja ya umbo, nyingine ya upatanisho. *Rafiki* naye aongezewe lebo ya tatu ya vimilikishi.

Hapa ndipo ninapoona faida ambayo isimu yetu inaweza kuipata kutoka kwa tarakilishi. Kwa miaka mingi tumekuwa na mjadala kuhusu uainishaji wa ngeli. Wapo wanaofuata viambishi vya nomino kama ilivyo desturi ya wataalamu wa lugha za Kibantu tangu karne ya 19, na wapo wanaofuata upatanisho wa kisarufi kama ilivyozoeleka katika shule zetu. Mjenzi wa programu hana budi kukubali kwamba pande zote mbili zinasema kweli, ila zinajibu maswali tofauti. Moja inajibu nomino inaundwaje. Nyingine inajibu nomino inatawala vipi. Ni safu wima mbili katika jedwali moja. Makosa huanza tunapozilazimisha ziwe moja.

Ushahidi wa waliotangulia

Msimamo huu haukuzuka hewani. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Helsinki alichapisha mfumo wake wa kuchanganua maumbo ya maneno, ambao unatenganisha kamusi ya mofimu na kanuni za mabadiliko ya sauti. Kuanzia mwaka 1985 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kujenga mfumo wa kuchakata Kiswahili, ambao baadaye ulijulikana kama SALAMA, na uchanganuzi wake wa maneno ulitumia mbinu hiyo ya Koskenniemi. Mfumo huo uliishi na kupanuliwa kwa miongo kadhaa. Kamusi na kanuni zikiwa mbalimbali, moja inaweza kukua bila kuvuruga nyingine.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni ule wa Grammatical Framework, lugha maalumu ya kuandika sarufi iliyoasisiwa na Aarne Ranta. Lugha hiyo ni ya kifankisheni, na chombo chake kikuu ni jedwali: unataja ngeli zote, kisha unaeleza kila moja inatoa umbo gani. Ukisahau ngeli moja, mashine hukukumbusha kabla programu haijaanza kutumika. Mtafiti Wanjiku Ng'ang'a wa Chuo Kikuu cha Nairobi amechapisha kazi kuhusu ujenzi wa sarufi ya Kiswahili kwa kutumia mfumo huo. Kwa hivyo asituambie mtu kwamba haya ni mambo ya ughaibuni.

Pingamizi mbili

Haki inanitaka nizisikilize pingamizi. Ya kwanza ni kwamba ninaudhulumu mkabala wa vitu. Nakubali kwamba una mahali pake. Katika madirisha na vitufe vya programu, matendo ni machache na hayabadiliki sana: chora, bonyeza, funga. Zinazoongezeka ni aina za vitufe. Huko safu mlalo ndizo zinazokua, na mkabala wa vitu unastahili sifa. Vilevile, lugha nyingi za leo zimechanganya mikabala. Java yenyewe ilipokea nyenzo za kifankisheni mwaka 2014. Hoja yangu haidai kwamba mkabala mmoja utupwe. Inadai kwamba sehemu ya programu inayobeba sarufi isilazimishwe kuvaa vazi lililoshonewa vitufe.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Watasema kwamba mifumo ya leo hujifunza lugha kutokana na matini nyingi, haiandikiwi kanuni, hivyo mjadala huu umepitwa na wakati. Sioni hivyo. Mfumo uliojifunza *rafiki wangu* kutokana na matini ilizozisoma hauna mstari mmoja wa kurekebishwa. Hakuna jedwali la kufunguliwa. Kuna mifano mingine ya kutafutwa, na matumaini kwamba itatosha. Huo ni ukakamavu wa aina yake. Isitoshe, tutajuaje kwamba umekosea iwapo hatuna jedwali letu la kuupimia? Kadiri mashine inavyojifunza yenyewe, ndivyo mwalimu wa kuisahihisha anavyohitajika zaidi.

Jukumu letu

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Kazi ya namna hiyo iliwezekana kwa sababu maneno ya programu hiyo yalikuwa yametenganishwa na mitambo yake, na kwa sababu leseni yake iliruhusu mtu yeyote kuyabadilisha. Ni somo lilelile la Parnas: kilichofichwa mahali pake hubadilishwa bila machozi. Lakini tafsiri ya maneno ni mwanzo tu. Upatanisho ni hatua inayofuata, na hatua hiyo haiwezi kukamilishwa na mhandisi peke yake.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, chama chetu kianzishe jedwali la wazi la ngeli na upatanisho, lililoandikwa katika faili ya kawaida ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua, na ambayo mwandishi wa programu anaweza kuitumia bila kuomba ruhusa. Pili, tasnifu za mofolojia na za lahaja ziambatishwe data zake, si kurasa zilizojalidiwa pekee. Mwanafunzi aliyekusanya maneno mia tano ya Kiamu ameandika sehemu ya programu ambayo bado haijajengwa. Ni hasara kuifungia kabatini. Tatu, idara zetu za Kiswahili na zile za tarakilishi zikubali kusimamia kwa pamoja angalau tasnifu chache. Mmoja aulize nini kitabadilika katika lugha, mwenzake aulize mabadiliko hayo yafichwe wapi.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba unyumbukaji wa programu haununuliwi kwa kuchagua lugha ya mtindo mpya. Hutokana na kujua mapema ni kipi kitatulia na ni kipi kitasogea. Katika Kiswahili, ngeli zimetulia, matumizi yanaongezeka, na maneno yanamiminika. Hivyo ngeli ziwe jedwali, matumizi yawe fankisheni, na maneno yawe orodha iliyo wazi kwa wote. Wanaodhani vingine nawakaribisha wajibu hoja hii katika toleo lijalo. Wakati tukisubiri majibu yao, kazi ya jedwali inaweza kuanza katika kikao kijacho cha chama, na ningependekeza mistari mitatu ya kwanza iwe *kifaru*, *rafiki* na *nyumba*. Jedwali litakaloweza kuwabeba hao watatu bila kuyumba litakuwa na nafasi nzuri ya kuwabeba wengine.